Veranda ya Upande wa Magharibi

Kwanza nilisikia mlio. Tii, kutoka chumba cha mwisho wa korido, karibu na ngazi. Kisha tii nyingine chumba kilichofuata, halafu nyingine, na nyingine, zikija upande wetu kama ndege wanaopashana habari za mwewe. Ilikuwa wiki yangu ya kwanza katika idara ya ujenzi ya serikali pale Kisumu, ambako nilikuwa nimeajiriwa kuandika kumbukumbu za mikutano, na sikujua mlio ule ni wa nini. Mwenzangu wa meza ya pili alijua. Aliruka kutoka kitini, akanyakua rimoti, akaielekeza kwenye kiyoyozi kilichokuwa juu ya kichwa changu. Tii. Akafungua dirisha, akaketi, akaanza kujipepea kwa faili kama mtu aliyekuwa akijipepea tangu asubuhi.

"Kwani nani anakuja?"

"Min Tipo," akanong'ona. Kwa Kijaluo, Mama wa Kivuli.

Akatokea mlangoni mwanamke mrefu, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba, miguuni raba zilizogandiwa na simenti. Hakutusalimu. Aliweka kiganja ukutani, jinsi mama anavyompima mtoto homa kwenye paji la uso, akakaa hivyo kidogo.

"Huu umepigwa na jua tangu saa saba," akasema. Kisha akainua macho kwenye kiyoyozi. "Na nyinyi mmezima sasa hivi. Mashine bado inadondosha maji."

Akaenda zake. Tulisikiliza raba zake zikishuka ngazi. Mwenzangu akangoja, akafunga dirisha, na korido nzima ikaanza tena: tii, tii, tii.

Alikuwa msanifu majengo wa serikali. Usoni tulimwita Madam, mgongoni Min Tipo, na hapa nitamwita Msanifu kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyoifanya hata alipokuwa anakula. Nimemwona akigeuza sahani ya samaki mezani ili kivuli cha chupa ya maji kimwangukie.

Huwezi kumwelewa bila kwanza kuelewa kosa letu. Watu wa Kisumu tunapenda ziwa, na ziwa liko magharibi. Kila bosi anayejengewa ofisi husema neno lilelile: dirisha langu litazame maji. Anapewa kioo kutoka sakafuni hadi darini. Asubuhi anawaonyesha wageni visiwa, na magugu yanayoelea kama shamba lililong'oka likaamua kusafiri. Wageni wanapiga picha. Baada ya saa sita jua linavuka paa na kuanza kushuka upande uleule, na kutoka hapo hadi jioni linaingia kwenye kioo kile bila kubisha hodi. Bosi anashusha pazia zito. Chumba kinakuwa giza, anawasha taa. Joto halitoki, anawasha kiyoyozi. Na wale wadudu wadogo wa ziwa, wanaopanda kutoka majini kama moshi, wanafuata ile taa na kuganda kwenye kioo, kwa hiyo dirisha halifunguliwi tena.

"Alilipa alione ziwa," Msanifu alikuwa akisema. "Sasa serikali inalipa asilione."

Jambo lililomuuma zaidi ni upepo. Mchana upepo wetu unatoka ziwani, maana yake unatoka upande uleule wa jua la alasiri. Kwake hiyo haikuwa bahati mbaya. Ilikuwa mtihani. "Mungu ametuma ugonjwa na dawa kwa njia moja," aliniambia siku moja tukiwa tumesimama kwenye kilima cha Milimani, ziwa likimetameta chini yetu. "Ukifunga, umejinyima dawa. Ukifungua, umeukaribisha ugonjwa. Ndiyo maana wazee waliweka veranda. Jua haliwezi kuinama likapita chini ya paa refu, ila upepo unaweza." Aliponyoosha mkono kunionyesha jinsi upepo unavyoinama, kiwiko chake kilipita chini kabisa, taratibu, kama cha mcheza ngoma.

Alikuwa na desturi moja iliyowatesa wengi. Jengo jipya likikamilika, kabla hajakubali kulipokea, aliwaketisha ndani wote waliohusika saa nane mchana. Taa zimezimwa, mashine zimezimwa. Alileta chupa kubwa ya chai, na hakuna aliyeruhusiwa kutoka mpaka chai iishe. Nilihudhuria kikao kimoja cha namna hiyo katika ofisi ndogo ya serikali iliyojengwa kwenye barabara ya kwenda Bondo. Tulikuwa yeye, mkandarasi, mimi na Mkurugenzi wa idara, mtu mnene mcheshi aliyependa suti za rangi ya bluu. Mabati yalikuwa yakilia juu yetu kwa kutanuka.

"Madam," Mkurugenzi akasema, "huu ni mkutano ama tumekuja kufunga na kuomba?"

"Tunaonja, Bwana Mkurugenzi. Kwani wewe hununua viatu bila kuvijaribu?"

"Viatu sivijaribu kwa jiko."

Mkandarasi alivua koti. Baadaye akalegeza tai. Baadaye akaivua kabisa, akaitia mfukoni kama kitu cha aibu. "Nafikiri hapa tungeongeza feni," akasema.

"Ongeza. Ikizunguka, nani atalipa?"

"Si ni serikali."

"Serikali ni nani?"

Mkandarasi akafuta shingo. "Serikali ni… serikali, Madam."

"Mwongezeeni chai," Msanifu akasema.

Hapo ndipo nilipomsikia kwa mara ya kwanza akitoa usemi wake mkubwa, ule ambao baadaye hata makarani walikuwa wakiuigiza kwa sauti yake nzito ya puani: kujenga ni harusi, umeme ni ndoa. Watu hukusanya michango kwa ajili ya siku moja ya shangwe, utepe unakatwa, picha zinapigwa, kisha mtu fulani ambaye hakualikwa kwenye harusi anabaki kulisha ile nyumba kila mwezi mpaka azeeke.

Mkurugenzi hakuweza kuacha nafasi ile ipite. Kila mtu alijua Msanifu hakuwahi kuolewa. "Na wewe Madam, haya mambo ya ndoa umeyajulia wapi?"

Mkandarasi akatazama sakafu. Mimi nikatazama karatasi zangu.

"Hukuniuliza kwa nini bili zangu ni ndogo," Msanifu akajibu, na Mkurugenzi ndiye aliyecheka zaidi yetu sote, hadi chai ikamwagikia suti.

Nimefikiri sana kuhusu usemi ule, na ninaona ulieleza ofisi yetu kuliko hotuba yoyote niliyowahi kuiandika. Fedha za kujenga zilitoka fungu moja, fedha za umeme fungu jingine. Aliyejenga hakuwahi kuona bili. Aliyelipa bili hakuwahi kuona mchoro. Jengo lililokuwa rahisi kwenye zabuni lilisifiwa, mjenzi wake akapandishwa cheo, na miaka ishirini ya taa, feni, mabomba na mabati yaliyooza ikawa shida ya mtu mwingine katika jengo jingine, ambaye naye alikuwa ameketi nyuma ya pazia. Kijana mhandisi akileta mchoro na kutangaza kwamba ni wa bei nafuu, Msanifu aliuliza swali la mnunuzi wa ng'ombe: "Anakula nini?"

Sitaki asomeke kama mtakatifu. Gari lake, kijisanduku cheupe chakavu, lilikuwa na baridi kuliko friji ya nyama. Vioo juu, kiyoyozi kimefunguliwa mpaka mwisho, hata asubuhi ya mvua. Nilipomuuliza alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini anavaa nguo. "Hili halikujengwa kwa kodi ya mtu." Saa za chakula cha mchana alipenda kwenda kukaa kwenye viti vya benki moja katikati ya mji, hana shughuli yoyote pale, anavuta baridi ya wenyewe huku amefumba macho. Na nyumba yake mwenyewe huko Migosi, ya kupanga, ilitazama magharibi, mabati yake yakiwa chini kiasi kwamba aligusa dari akivaa sweta. Aliishi humo miaka. "Mwenye nyumba hapendi ushauri," ndilo jibu pekee nililopata.

Alikuwa pia na ukali usio na kipimo. Kijana mmoja aliyetoka chuo alichora ofisi ya vioo vitupu, ya kuvutia kweli, na Msanifu akamwambia mbele ya idara nzima akasimame nje juani na mchoro wake mpaka mmoja wao alainike. Kijana alisimama kweli. Tulimwona kutoka dirishani. Baada ya muda mfupi aliacha kazi akahamia kampuni ya watu binafsi. "Alikuwa na mkono mzuri," Msanifu alisema habari zilipomfikia. "Nilikuwa nimepanga kumwambia."

Mtu pekee niliyewahi kumsikia akicheka naye kwenye simu alikuwa muuguzi mkuu wa kituo kimoja cha afya upande wa Nyakach, ng'ambo ya Katito. Sote tulimwita Sister. Walikutana wakati Msanifu alipotumwa kukagua choo, na wakaanza kutumiana vitu: Sister alituma njugu za kuchemsha na viazi vitamu kwa madereva wa idara, Msanifu alituma chandarua, koki na ushauri ambao haukuombwa. Sister alikuwa mfupi, mwepesi wa kutembea, na aliongea na watu wote kana kwamba wako katikati ya uchungu wa kuzaa na kuna jambo moja tu wanalopaswa kufanya.

Kituo chake hakikuwa na wodi ya wazazi. Kina mama walijifungulia katika stoo ya zamani ya nafaka, yenye mabati ya chini na dirisha moja. Msanifu aliketi humo saa nane, kama kawaida yake, pembeni ya mama aliyekuwa akingojea. Akarudi ofisini. Alitandaza karatasi, akaanza kuchora, na kwa majuma mengi yaliyofuata viyoyozi vya korido vilipumua kwa amani.

Kiwanja ndicho kilichokuwa adui. Upande mmoja kulikuwa na barabara, upande wa pili korongo ambalo kila masika linamega ardhi. Kipande kilichobaki katikati kilikuwa chembamba, kimelala kaskazini hadi kusini. Hapakuwa na namna ya kuligeuza jengo. Ubavu wake mrefu, wenye vitanda vyote, ulilazimika kupokea jua la alasiri kifuani. Kwa hiyo alichora veranda, ndefu kama wodi yenyewe, pana kiasi cha vitanda viwili kupishana, paa lake likishuka mbele kama ukingo wa kofia. Juu ya kuta akaacha matundu ya hewa yenye wavu wa wadudu, na chini ya mabati akaweka dari. Mbele ukabaki ule ukumbi wa nguzo na jiwe la ufunguzi ambao kila jengo la serikali huwa nao. Bila veranda, alituambia, vitu vile vingine vyote ni mapambo. Ukuta ule ukishika moto mchana, unautema usiku kucha juu ya watoto wachanga.

Mwaka wa fedha ulikuwa ukielekea kuisha mchoro ulipofika mezani. Niliandika kumbukumbu za kikao kile, kwa hiyo ninayakumbuka maneno.

"Tuko juu ya kiwango," Mkurugenzi alisema. "Lazima kitu kitoke. Mimi naona veranda. Veranda haina kitanda. Hakuna mtu anazaa kwa veranda."

"Na joto?"

"Tutaweka AC nne. Hizo zinatoka fungu la vifaa, hazitagusa bei ya jengo."

"Umeme?"

"Kituo kitajipanga."

"Kile kituo kinanunua tokeni za umeme wa friji ya chanjo kwa kuchangisha wauguzi," Msanifu akasema. "Zikiisha, Sister anapiga simu kwa watu. Mimi ni mmoja wa hao watu. Unataka kumwongezea mashine nne za kulisha?"

"Madam, hatujengi bili. Tunajenga wodi."

"Unajenga vyote viwili. Kimoja tu ndicho umechora."

Mkurugenzi alivuta pumzi. Hakuwa mtu mbaya. Alimweleza polepole, kama anavyoelezwa mgonjwa: mchoro bila veranda ulikuwa tayari, ulihitaji sahihi yake tu. Akitia sahihi, zabuni itatangazwa na fedha zitabaki. Asipotia, mwezi ukiisha fedha zitarudi hazina kuu, na hakuna aliyejua kama zitapatikana tena.

Hakutia sahihi. Siku zilipita, mchoro ulikaa juu ya meza yake, na kila aliyepita mlangoni alikuwa na sababu ya kuchungulia.

Kisha Sister akaja. Alikuja na sare zake, vumbi la barabara ya Katito likiwa kwenye viatu vyeupe, na hakukubali kiti.

"Nimetoka kwa zamu, sikai. Niambie ukweli. Ni wewe umeshikilia?"

"Ni mimi."

"Juu ya veranda."

"Juu ya veranda. Sister, ule ukuta bila kivuli—"

"Ukuta naujua. Mimi ndiye nazalisha wamama kwa ile stoo, unataka kunifundisha ukuta? Weka sahihi. Nipe kuta nne na paa, kivuli nitatafuta mwenyewe. Nitatundika mikeka ya mafunjo. Nitapanda miti."

"Ukipokea hilo, hakuna atakayekuongezea kitu. Wakishakata utepe wanasahau njia ya kurudi. Utakaa humo mpaka ustaafu, na atakayekuja nyuma yako atakaa humo, na mikeka yako itaoza masika ya kwanza."

"Sawa. Na mwaka huu?"

Msanifu akavua miwani.

"Nauliza mwaka huu, Madam. Wazae wapi?"

Nilikuwa nimesimama pale na faili mkononi, na nilitamani mtu yeyote aniite. Msanifu aliutazama mchoro. "Jengo litakaa miaka hamsini," akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea.

"Uchungu haukai hata siku mbili," Sister akajibu. Akageuka, akaondoka, na njugu alizokuwa amezileta kwenye mfuko wa karatasi akampa bawabu wa getini.

Fedha zilirudi.

Nyakach nzima ilijua ni kwa sababu ya nani. Kwenye matanga fulani huko Pap Onditi, mbele ya jeneza na mamia ya waombolezaji, mwakilishi wa wadi alishika kipaza sauti akasema kuna mwanamke Kisumu ambaye hajawahi kuzaa, na sasa amewanyima wengine mahali pa kuzalia. Dereva wetu mmoja alikuwepo, akaleta habari hiyo ofisini akiwa na haya, akijua atakayeambiwa ataiambia korido yote. Msanifu aliisikia akiwa anachonga penseli.

"Kuhusu kuzaa hakukosea," akasema, akaendelea kuchonga.

Lakini nilikuwa nikimwona. Alizunguka ofisi siku nzima bila kugusa ukuta hata mmoja. Simu yake ikilia aliitazama kwanza, kisha akaigeuza kifudifudi. Mara mbili aliniomba nimpigie Sister kwa simu yangu, kumuuliza tu kama tokeni zipo, na mara zote mbili Sister alisema zipo, akakata.

Alibakiwa na muda mfupi kabla ya kustaafu, na akautumia wote kwa jengo lile moja. Aliuingiza mchoro tena kwenye maombi ya mwaka uliofuata, na veranda yake. Safari hii hakubishana mezani. Alimwomba Mkurugenzi amsindikize Nyakach, akamwingiza ndani ya stoo, akamkalisha kwenye kitanda kitupu na chupa ya chai. Mimi nilibaki mlangoni kwa sababu ndani hapakuwa na nafasi. Kitanda cha pili kilikuwa na msichana aliyejifungua asubuhi, na bibi yake alikuwa akimpepea mtoto kwa kifuniko cha sufuria. Sister alipita, akatazama, akapita. Mkurugenzi alikunywa kikombe kimoja. Cha pili alikishika tu. Kisha akainuka, koti la bluu limeloa mgongoni, akamwambia dereva awashe gari.

Tulikuwa tumeshafika lami alipozungumza.

"Ule ukumbi wa mbele, wenye nguzo na jiwe la ufunguzi. Una bei gani?"

"Karibu sawa na veranda," Msanifu akasema.

"Toa ukumbi."

"Mheshimiwa atasimama wapi akikata utepe?"

"Atasimama kwa veranda yako, Min Tipo," akasema, na hiyo ndiyo mara pekee mtu alipomwita hivyo usoni.

Msanifu alistaafu kabla msingi haujachimbwa. Alihama Migosi akaenda kuishi kwa dada yake, karibu na Dunga, na mimi nikaacha kazi ile nikafuata nyingine. Tulikuwa tukisalimiana kwa simu siku za sikukuu. Wodi ilijengwa, ikafunguliwa. Hakualikwa, au alialikwa hakwenda, sikuwahi kujua.

Kisha alasiri moja ya Januari, miezi ya jua kali, akanipigia. "Una nafasi? Nataka kwenda Nyakach. Utatangulia wewe kuingia, mimi nitakuja nyuma." Njia nzima ndani ya gari lile la baridi hakuzungumza ila kunilaumu kwa jinsi ninavyofunga mkanda.

Tuliona veranda kabla ya kuliona jengo. Kivuli chake kilikuwa kizito, cha bluu, na kilikuwa kimejaa watu. Msanifu alikuwa amechora njia ya kupitishia vitanda. Walichofanya wao ni kuhamia. Mabibi walikuwa wameketi sakafuni wakimenya njugu. Khanga na nguo za watoto zilianikwa kwenye reli kutoka mwanzo hadi mwisho. Mtu alikuwa akipoza uji. Na katikati ya hayo yote mama mmoja mwenye uchungu alikuwa akitembea, nguzo hadi nguzo. Akifika kwenye nguzo anaikumbatia, anainamisha kichwa, anangoja, kisha anaiacha na kuiendea nyingine. Msanifu alisimama juani nje ya ukingo wa kivuli, akamtazama akifika mwisho na kugeuka.

"Hiyo sikuichora," akasema.

Ndani kulikuwa na ubaridi. Si ule wa mashine. Ubaridi wa chungu cha maji. Vitanda vilijaa. Sister alikuwa akifunga kitovu cha mtoto na hakuacha kufanya hivyo kwa sababu yetu.

"Madam."

"Sister."

"Umekonda."

"Wewe hujabadilika."

"Nimebadilika." Akamfunika mtoto, akamlaza. "Mashine hatujaleta hata moja. Friji inakula tokeni peke yake. Ni hiyo unataka kujua?"

"Si hiyo."

Sister aliosha mikono, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Ule mwaka," akasema akiwa ametupa mgongo, "kuna mmoja alikuwa amezalia kwa stoo mara ya kwanza. Akaapa harudi. Uchungu ukamkuta nyumbani, wakambeba kwa pikipiki, akazalia pale njia panda ya Katito, kando ya lami, watu wa soko wamemzunguka na leso. Mtoto yuko mzima. Mama alikaa hospitali kubwa mpaka wengine tukaacha kumtarajia. Alirudi."

"Sikujua."

"Hukuuliza. Uliuliza tokeni."

Msanifu alikuwa ameshika chuma cha kitanda. "Ningerudishwa siku ile," akasema, "bado nisingetia sahihi."

"Najua. Ndiyo sababu sikuwa nachukua simu zako." Sister akageuka, akamtazama kwa mara ya kwanza. "Na mimi ningerudishwa, bado ningekuja kukuomba. Na bado ningeondoka na njugu zangu."

Wakati huo upepo wa ziwani ukaja wote kwa pamoja, ukapita veranda, ukapita matundu ya juu, na mlango wa mwisho wa wodi ukajibamiza: pwaa! Watoto waliokuwa wamelala waliamka wote, wakaanza, mmoja akimpokea mwenzake.

"Umeona?" Sister akafoka. "Umeona hiyo? Kila alasiri! Huo ni upepo wako, Madam. Nimemlaza mtoto, pwaa. Nimemlaza tena, pwaa. Nimeweka jiwe, watu wanalipiga teke. Umechora kila kitu mpaka wavu wa mdudu, mlango hukuona?"

Msanifu alikwenda hadi kwenye mlango, akachunguza bawaba, akaufungua na kuurudisha nusu, akapiga magoti kutazama sakafu. Alipoinuka uso wake ulikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukiona pale.

"Nilisahau kishikio cha kuuzuia usijibamize," akasema. "Nilisahau kabisa."

"Ehe."

"Nitaleta fundi. Keshokutwa."

"Wewe mwenyewe? Ama utatuma dereva?"

"Mimi mwenyewe."

Sister akamwinua mtoto aliyekuwa akilia zaidi, akamweka begani. "Basi njoo asubuhi, kabla upepo haujaamka. Sasa ondokeni, nina mtu huko nje anakaribia, na hawa nataka walale."

Nilibaki nyuma kidogo kumuaga. Watoto walinyamaza mmoja mmoja, wa begani akiwa wa mwisho. Upepo ulikuwa ukisukuma tena. Tulipotoka, Msanifu akaushika mlango ule kwa mikono miwili, akauegemeza bega, akaurudisha polepole akishindana na upepo mpaka ulimi wa kitasa ukaingia mahali pake, na hakuna mtoto aliyeamka.